Jicho la Anayekanyagwa

Nikiwa njiani kwenda Delhi, niliingia makumbusho nisiyoyajua jijini Doha, nipitishe saa za kusubiri ndege. Katika chumba cha picha ndogo za Kihindi alisimama dada mmoja mlinzi, mikono mgongoni. Haruhusiwi kunyoosha kidole karibu na vioo, kwa hiyo huwaelekeza watu kwa kidevu. Alinisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu huku nikiipita picha ya mungu wa kike mweusi anayekanyaga maiti.

"Kaka, mbona mbio? Kesho nahamishiwa kulinda geti huko mtaa wa Muaither, na miezi minane sijapata hata mgeni mmoja aliyeliona lile jicho. Hebu inama."

Kidevu kikashuka, nami nikainama. Chini ya nyayo nyekundu, jicho moja la maiti lilikuwa wazi, jembamba kama uzi. Nimesoma habari za tantra, mafundisho ya siri ya Kihindi, kwa lugha nne, kwamba mungu wa kiume ni maiti mpaka nguvu ya kike imwamshe. Jicho lenyewe sikuwahi kuliona.

"Anamwamsha," nikasema.

"Mie nilidhani anajifanya kalala, kama mume wangu alfajiri." Akacheka, kisha akashusha pumzi. "Basi. Sasa tuko wawili."

"Asante sana, dada."

Mlinzi wa zamu ya pili alipofika, dada akaenda zake. Wageni wawili wakaingia mbio. Nikaweka mikono mgongoni, nikawaelekeza kwa kidevu.