Miguu ya Kijiti

"Dada, hivi mtoto akikimbia sana, nguvu za kichwani zinabaki?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, mama dobi, tukianika nguo uani, kibanio mdomoni na maneno yakimtoka upande. Nilitaka kucheka. Nilipomtazama usoni nikaona hatanii.

Dobi ana binti mmoja tu, na mtaa mzima tunamwita Kijiti. Mwembamba, lakini miguu haikuwa ikitulia. Nguo za wateja zikishapigwa pasi, yeye ndiye aliyezipeleka, ngazi kwa ngazi, kichwani furushi, mdomoni hesabu za kuzidisha. Darasani hakuwa wa kwanza, ila hakuwa wa kutafutwa kwa tochi mkiani.

Alipoingia darasa la saba, mama yake akakata shauri. Kwake yeye nguvu ni kama unga kwenye kopo: miguu ikichota, kichwa kitakuta kopo tupu. Na kopo lao, Mungu anajua, halikuwahi kujaa. Asubuhi chai kavu, chakula cha maana mpaka jioni. Basi akampiga marufuku kukimbia, hata kuruka kamba. Mafurushi akayabeba mwenyewe, na goti lake lile bovu. Kijiti akakalishwa kando ya meza ya pasi na kitabu, na jioni mama akawa anammegea hata sehemu yake ya chakula. Alitaka binti afaulu aende sekondari, asije akarithi beseni la kufulia.

Alama zikashuka. Mtoto akawa anasinzia juu ya kitabu mpaka kurasa zinaloa mate. Mama akazidi kumpumzisha, naye akazidi kuporomoka. Mimi niliomba, nikafunga, nikadhani labda ni jicho la watu. Sikuelewa.

Ndipo mwalimu wa michezo akaja uani, akaomba Kijiti akimbie na wenzake asubuhi kabla ya masomo. Dobi akamuuliza kama huwa anakimbiza watoto walioshiba au hawa wetu. Mwalimu akakuna kichwa. Alikiri kwamba ni hawa hawa wetu, na wapo wanaokimbia na bado wanafeli.

"Ila wanaokimbia hawanisinzii darasani," akasema.

Dobi akakubali shingo upande. Siku ya kwanza tu, jioni yake, Kijiti alimaliza hesabu zote huku akiimba, na mama yake akaniita nije nione. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake mtoto akakimbia tena, na walipopanga mstari kuingia darasani akaanguka. Njaa. Dobi akamrudisha mezani, akaniambia si alisema, kopo limekwisha. Nikamwitikia. Lakini zile hesabu nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Sasa kipi ni kipi?

Nikaona nimuulize Kijiti mwenyewe. Nilimkuta anakunja mashuka ya watu, akanijibu bila kuniangalia.

"Nikikimbia naelewa, Mama Mkubwa. Halafu njaa inakuja yote kwa pamoja."

Nikayafikisha maneno hayo kwa mama yake yalivyo, bila kuongeza chumvi. Dobi akarudia kupiga pasi shati lile lile mpaka nikaogopa litaungua. Alisema akimwacha alale, anamwona anazama. Akimwamsha, anamwona yuko chini, vumbi usoni. Kumtoa kitandani kwa mkono wake akakimbie na tumbo tupu, moyo umekataa. Kumkataza tena, nao umekataa. Niliokota vibanio vilivyodondoka, nikavirudisha kwenye kopo lake.

Kisha akaisimamisha pasi, akanigeukia, yeye ambaye miaka yote ya ujirani wetu hajawahi kuniomba hata kiberiti.

"Dada, kesho mwamshe wewe. Na ukiwa na uji, mpe kabla hajakimbia."