Bi Bado wa Chumba cha Upasuaji

Siku mchukuzi wa machela alipomwona kwa mara ya kwanza, yule mama alikuwa ametoka kupasuliwa. Mtoto wake wa kike alikuwa salama, kaviringishwa kwenye shuka, analia kwa haki yake. Mama mwenyewe hakulia. Alimkamata mchukuzi mkono hadi kucha zikamzama, akamuuliza:

"Aliyenikata ndiye nani?"

Mchukuzi hakuwa mtu wa maneno. Wenzake walimwita Bubu, naye aliitikia, maana hata kukataa jina kunataka maneno. Lakini zile kucha zilimfungua mdomo.

"Tunamwita Daktari Chapuchapu," alinong'ona.

"Chapuchapu," mama akarudia polepole, kama anayetia uzi kwenye tundu la sindano. "Haya. Nimemjua."

Yaliyotokea ndani Bubu aliyasikia yote akiwa mlangoni. Sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi sehemu ya chini ya mwili ili mama apasuliwe akiwa macho, haikushika vizuri. Mama akasema bado anasikia. Daktari akasema huo ni woga. Kisu kikaingia, na ukelele uliotoka ulimfanya Bubu ashike ukuta. Kisha akamsikia daktari akicheka.

"Si nimeambiwa wewe ni fundi cherehani? Tangu uanze kushona umewahi kusikia kitambaa kikilia? Kitambaa hakilii, mama. Tulia."

Na wengine mle ndani wakacheka kidogo, maana mkubwa akicheka, wadogo huonyesha meno.

Mama yule alipopona alikwenda ofisini kulalamika. Akaambiwa amshukuru Mungu, mtoto anaye. Akarudi tena. Akaambiwa uzazi ni uchungu tangu enzi za bibi zetu. Aliporudi safari nyingine, hakwenda kulalamika. Alikwenda kuuliza kama wanatafuta wahudumu.

Cherehani akamwachia mdogo wake, akasomea uhudumu, akapata kazi wodi ya wazazi: kutandika vitanda, kumwaga mabeseni, kuwasindikiza wagonjwa hadi mlango wa upasuaji. Akipishana na Chapuchapu kwenye korido, alikunja goti kidogo. "Shikamoo, daktari." Daktari aliitikia bila kumtazama. Bubu peke yake ndiye aliyejua kwamba ile shikamoo ilikuwa na miiba.

"Mbona unamwamkia vile?" alimuuliza siku moja wakisukuma machela pamoja.

"Kuku wa kuchinjwa hafukuzwi kwa mawe, kaka. Humwagiwa mtama."

Miaka ikapita na mtama ukimwagwa. Mtoto aliyezaliwa siku ile akaanza shule. Ndipo akaja daktari mpya wa usingizi, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alikuwa na utafiti wake. Alitaka kuchanganya ile dawa ya ganzi na tone la dawa ya maumivu, aone kama sindano ya mgongo itashika vizuri zaidi na akina mama wasisikie kisu. Akaweka na sheria. Mama akishadungwa na kulazwa, mtu atampitishia barafu iliyofungwa kwenye glavu, kuanzia pajani, tumboni, hadi kifuani, akimuuliza kama anasikia baridi. Akisikia, mtu yule atasema "bado". Asiposikia, atasema "tayari". Kabla ya tayari, hakuna kushika kisu, hata ungekuwa mkubwa wa wakubwa.

"Nani atakuwa mtu wangu wa barafu?" aliwauliza wahudumu.

Wahudumu wakatazama dari. Nani atamwambia daktari mpasuaji asubiri? Lakini mkono mmoja ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Basi jina la Bi Bado likazaliwa, na pamoja nalo mateso ya Chapuchapu. Daktari akishanawa na kuvaa glavu haruhusiwi kugusa kitu. Husimama mikono kifuani kama aliyekuja kuomba msamaha. Pua ikimwasha, ni yake na Mungu wake. Na yeye, ambaye zamani alijisifu kwamba humaliza kabla chai haijapoa, sasa alisimama hivyo kila siku.

"Dada, mpaka lini?"

"Mpaka barafu iseme, daktari."

"Barafu haina mdomo!"

"Ndiyo maana nasema mimi. Bado. Haraka haraka haina baraka."

Wakunga walificha vicheko ndani ya barakoa.

Na dawa ilikuwa nzuri. Bubu aliwasikia akina mama wakisimuliana akiwarudisha wodini. "Unasikia tu kama mtu anapekua mkoba wako," mmoja alisema, "lakini maumivu hakuna kabisa." Bi Bado akisikia hivyo hutabasamu. Lakini tabasamu lake kubwa alilitunza kwa ajili ya chumba cha Chapuchapu.

Siku moja Bubu alibaki mle ndani baada ya kusaidia kumhamishia mgonjwa mezani. Alimwona Bi Bado akipitisha barafu. Mama wa watu akasema kwa sauti ndogo, "Baridi imeisha, dada. Hata kifuani sisikii." Daktari wa usingizi alikuwa ameinama kwenye mashine ya presha. Bi Bado hakumtazama mgonjwa. Alimtazama Chapuchapu, aliyekuwa akikunja uso kwa muwasho wa pua.

"Bado," akasema.

Akaiacha barafu palepale, akimwangalia daktari kama mtu anayefyonza muwa. Alipomaliza utamu wake ndipo akasema tayari. Bubu akajua hiyo haikuwa mara ya kwanza. Moyoni, tuseme ukweli, hata yeye alifurahi.

Furaha hiyo ilikwisha pale daktari wa usingizi alipomsimamisha kwenye korido.

"Wewe unaingia vyumba vyote viwili vya upasuaji. Dawa ni moja, sindano moja. Kule kwingine inashika upesi. Mbona kwa Chapuchapu tu inachelewa? Wakubwa wameanza kusema mchanganyiko huu ni mzito, hautafaa mama akiletwa kwa dharura. Wanataka tuuache turudi kwenye dawa ya zamani. Wewe umeona nini?"

Bubu alitazama viatu vyake. "Labda magurudumu yanataka mafuta, daktari."

Daktari alimtazama kama anayemtafutia homa usoni, akaenda zake.

Bubu akamkuta Bi Bado stoo, anakunja mashuka.

"Nimeulizwa," alisema.

"Ukasemaje?"

"Magurudumu yanataka mafuta."

Bi Bado alicheka mpaka akakalia mashuka. "Kaka yangu wewe! Hata uongo hujui."

"Dawa itatupwa, dada. Wanasema inachelewa. Watarudi kwenye ile ya zamani."

Kicheko kikakatika. "Ya zamani ndiyo yangu mimi," akasema. "Ile ya siku ile."

"Ndiyo hiyo."

Alilikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Kwa hiyo ninamsimamisha yeye, huku ninawatandikia wenzangu meza ile ile. Nikisema kweli, kazi sina, na yeye atacheka. Nikinyamaza, kisu kinarudi." Aliinua uso, na Bubu akaona macho yale yale ya siku ya machela. "Kesho asubuhi wagonjwa wa kupasuliwa unawapanga wapi?"

"Pale karibu na sinki, kama kawaida."

"Wapange karibu zaidi."

Asubuhi hiyo machela zilikuwa zimejipanga ukutani, akina mama juu yake na shuka zao kidevuni. Chapuchapu alikuwa anajisugua mikono hadi viwikoni. Daktari wa usingizi alikuwa anafunga barakoa. Bi Bado akaja na glavu yake ya barafu mkononi, akasimama katikati, na akasema kwa sauti ya kumfikia hata aliye mwisho wa korido:

"Daktari wa usingizi, dawa yako haina kosa. Kwa huyu nimekuwa nikisema bado wakati mgonjwa yuko tayari. Makosa ni yangu. Futa yote niliyokupa kutoka chumba chake."

"Kwa nini?" daktari wa usingizi aliuliza, na sauti yake haikuwa na upole tena.

"Ili asimame. Alinipasua nikiwa nasikia kisu. Nikalia. Akaniambia kitambaa hakilii."

Maji yakaendelea kutiririka. Chapuchapu alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni kama anayetafuta bei.

"Mimi hata sikukumbuki," alisema. "Ule ni utani wangu tu. Fundi seremala nilimwambia mbao hailii. Ni maneno ya kumchangamsha mgonjwa. Watu wamekuwa wepesi hivi?"

Mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Lakini hakuangalia nyuma yake. Mama wa kwanza kwenye machela, mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, aliinuka akaegemea kiwiko.

"Wewe mchukuzi! Huyu ndiye anayenipasua mimi?"

Macho yote yalimgeukia Bubu, ya Chapuchapu yakiwa mbele.

"Ndiye," akasema. Kisha, hata yeye hakujua yalitoka wapi, akaongeza: "Na mimi nilikuwa mlangoni siku ile. Nilisikia."

"Basi nigeuze. Mimi si mbao."

"Na mimi," wa pili akasema.

Bubu akazigeuza machela kuelekea chumba kile kingine. Magurudumu yalilia korido nzima. Kweli yalihitaji mafuta.

Bi Bado alifukuzwa siku hiyo hiyo. Daktari wa usingizi hakumtetea. "Umeniharibia kazi ya miezi," alimwambia, "na umeiokoa isizikwe. Sijui nikushukuru au nikupige." Alianza upya chumba kile, na mtu mwingine wa barafu, na ule mchanganyiko ukabaki. Chapuchapu naye alijaribu kuuliza kwa utamu, "Baridi, mama?" Lakini habari ilikuwa imeshafika wodini, imepanda hadi vitandani. Kila mjamzito aliyeingia aliuliza kwanza nani atampasua. Mwisho Chapuchapu aliomba uhamisho, na chai ya kumuaga ilinywewa na yeye na mlinzi.

Bubu alikwenda kumpa Bi Bado habari hiyo nyumbani kwake, mara yake ya mwisho kumwona. Alimkuta kwenye cherehani, binti yake akishika ncha ya kitambaa, na sare ya shule nusu imeshonwa.

"Amehama, dada," Bubu alisema. "Hospitali ya mji wa pili." Akasimama, akavuta pumzi kwa sentensi aliyokuja akiipanga njia nzima. "Sasa roho imepoa?"

Bi Bado alikata uzi kwa meno.

"Bado," akasema. "Hebu niulizie, kaka. Huko alikokwenda, hawatafuti wahudumu?"