Mtamba wa Kina Mama wa Stesheni

Kavetsa aliisikia habari ile akiwa ameinamia sufuria ya uji, na mkono wake ukaendelea kukoroga kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Wanaume wawili wenye makoti ya jeshi yaliyochakaa walikuwa wakinywa mbele yake, kando ya ghala la mizigo la stesheni ya Eldoret. Mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake kwamba Kaburu wa upande wa Kesses ameamua kupunguza mifugo ya maskwota wake, wafanyakazi wanaokaa na kufuga shambani mwake. Kila mwenye boma atabaki na ng'ombe kumi na wawili. Watakaozidi, Kaburu atawachukua yeye mwenyewe kwa bei atakayoipenda. Hesabu ni kesho asubuhi, penye josho la ng'ombe.

Mwenzake aliguna, akaomba aongezewe uji. Kavetsa akamwongezea, akasahau kumdai.

Alikuwa mwanamke wa Maragoli, mwembamba, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Huko kwao shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena hata mpaka wa jirani ukafika kwenye mlango wa jikoni. Alikuja Eldoret, mji ambao wenyeji waliuita Sisibo, akimfuata mumewe Elphas, mpakiaji wa magunia hapo stesheni. Vumbi la mahindi na baridi ya alfajiri vilimwingia Elphas kifuani, na siku moja hakuamka. Reli ilimpa mjane blanketi na nauli ya kurudi kwao. Blanketi alijifunika. Nauli aliinunulia sufuria.

Waliouza pale chini, uji na mahindi ya kuchemsha na viazi, walikuwa wanawake wanane, karibu wote wajane au wake za watu waliosahaulika na waume zao. Kila mwisho wa mwezi walitoa kidogo, wakaweka pamoja. Mahali pa kuweka ndipo palipowashinda. Posta ilipokea akiba, lakini karani wa dirishani aliwauliza kitabu kitaandikwa jina la mume gani. Benki ilikuwa na ngazi za mawe, na hakuna aliyewahi kumwona mwanamke mweusi akizipanda ila yule mwenye ndoo na kitambaa cha kupangusia. Kwa hiyo sanduku lao la bati walimpa Shitanda, mzee wa kanisa aliyeimba sauti ya nne hata viti vikatetemeka. Shitanda alikwenda Jinja na sanduku. Nduguye alipoulizwa alijibu kwamba hakuiba, alikopa tu kabla ya kuomba.

Baada ya hapo ndipo Kavetsa alipowaletea wazo la ng'ombe, na wazo hilo lilikuwa lake peke yake. 

Lilimjia kwa Jepchirchir, ambaye watu walimwita Mama Hellen, mke wa skwota Kipngetich wa Kesses. Jepchirchir alileta maziwa ya mala, yaliyoganda, mjini kwa vibuyu, akapumzika kwa Kavetsa, wakabadilishana kibuyu kwa unga. Miaka ilipita hivyo. Kwa watu wa Jepchirchir, mwenye ng'ombe haweki wote katika boma lake. Mmoja hupelekwa kwa rafiki, mwingine kwa shemeji ng'ambo ya bonde, ili ugonjwa au wezi wakija wasizoe wote kwa mkupuo mmoja. Anayefuga hunywa maziwa. Ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi. Na kwa kuwa hakuna karatasi, kuna adabu. Ukimtembelea anayekufugia, uliza watoto, uliza mvua, kunywa ulichopewa, ondoka. Ng'ombe atatajwa na anayemfuga, wala si wewe.

"Ng'ombe wa mtu haulizwi mbele ya watu," Jepchirchir alimwambia siku walipokubaliana. "Ukimuuliza, umesema mimi ni mwizi."

Wanawake walibishana jioni nzima. Namalwa, muuza viazi kutoka Bungoma, mwenye ulimi usiopumzika, alitaka kujua wanawake wamekuwa na ng'ombe tangu lini, na kama ndama akizaliwa watamgawana miguu. Lakini ni yeye aliyesema mwishowe kwamba afadhali ng'ombe, kwa sababu hajui njia ya Jinja. Wakanunua mtamba mwekundu mwenye sikio lililokunjika. Alipelekwa Kesses, akachanganyika na ng'ombe wa Kipngetich kama tone la maji mtungini. Sasa alikuwa na mimba, na alikuwa na kazi ya kufanya: Baraza la mji lilikuwa linajenga vibanda vya mabati sokoni, na mwenye kutaka kibanda alipaswa kulipa kabla ya mwezi kwisha. Watakaobaki chini wangefukuzwa na askari. Walikuwa wamekubaliana mtamba auzwe, wapate kibanda kimoja cha wote.

Kavetsa hakuwaambia wenzake alichokisikia. Jioni, walipokuwa wakifunga vyombo, Namalwa alimgeukia Kavetsa, akauliza, "Mama Joseph, ng'ombe wetu hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona umejibu kama daktari?"

Wengine walicheka. Kavetsa alicheka nao, na kicheko kikamwachia uchungu mdomoni.

Alitoka kukiwa bado na giza, akashika njia ya Kesses. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ngano ya Wazungu, mashamba marefu kiasi cha mtu kutembea mpaka jua likapanda bila kuona mlango wa nyumba. Alikuwa anafanya hesabu isiyofanyika. Kipngetich alikuwa na ng'ombe kumi na watatu, mtamba wao akiwa mmojawapo, alijua hilo kwa maneno ya Jepchirchir mwenyewe. Kumi na watatu, na mmoja lazima atoke. Yupi? Ng'ombe aliyepewa na baba yake, au yule wa wauza uji wa stesheni? Alijiweka mahali pa Kipngetich, akageuka huku na huku humo ndani, na kila alipogeuka alijikuta anamsukuma nje mtamba mwekundu. Ndivyo ambavyo yeye angefanya. Mungu amsamehe, ndivyo ambavyo mtu yeyote angefanya.

Alipofika josho, ng'ombe walikuwa wamekwisha kukusanywa, boma kwa boma, na mvuke ukipanda migongoni mwao. Kaburu alikuwa ameketi juu ya ua, kofia imefunika macho, kiko kimezimika mdomoni. Maskwota walisimama kando na wake zao. Jepchirchir alimwona, akatikisa kichwa kidogo sana, kisha akatazama pengine. Kavetsa alielewa kwamba anaambiwa asimame mbali. Akasimama mbali. Na pengine mambo yangeishia hapo.

Lakini nyapara aliyekuwa akiwapanga ng'ombe alipita karibu naye, akamtazama kitambaa chake na jinsi alivyosimama, akamsalimu: "Mirembe."

Lugha ya nyumbani. Mahali pale, katika baridi ile, kati ya watu ambao maneno yao aliyashika nusu tu, salamu ile ilimwingia kama chakula. Nyapara aliitwa Murunga, na walipoulizana ikaonekana kijiji cha mama yake kiko kilima cha pili kutoka kwa kina Kavetsa. Anatafuta nini huku, dada yake? Naye Kavetsa, ambaye hakuwa amelala, aliyebeba peke yake kile ambacho wanawake saba hawakukijua, alimweleza yote. Alimwambia kwa Kimaragoli, kwa sauti ya chini, kwamba yule mwekundu mwenye sikio lililokunjika ni wao, wajane wa stesheni, na kwamba yeye kama mtoto wa kwao aangalie asichukuliwe.

Mtu huwaficha wageni siri mwaka mzima, kisha akampa wa kwao kwa salamu moja.

Kwa nini Murunga alisema, haikujulikana kamwe. Labda alitaka kupanda cheo. Labda aliona karani wa shamba anawatazama, akaogopa kuambiwa anaficha mambo na mwanamke wa kwao. Alikuwa na watoto wake pia, na nyumba iliyosimama juu ya ardhi ya Kaburu kama nyumba za wengine. Aligeuka akasema kwa Kiswahili, sauti ikafika kila upande: "Bwana, huyu mama anasema mmoja wa ng'ombe wa Kipngetich ni wake."

 Kila mtu pale alijua sheria. Skwota aliyefuga ng'ombe wa nje ya shamba alinyang'anywa ng'ombe, mkataba wake ukachanwa, na nyumba yake ikachomwa siku hiyohiyo ili asipate pa kurudi. Kipngetich hakusogea. Jepchirchir alikuwa amemshika Hellen, binti yake, begani, na vidole vyake vilizama katika nguo ya mtoto.

Hapo ndipo Kavetsa alipoona alichofanya. Njia nzima alikuwa amemhofia mtamba. Hakuwa amewahofia watu hawa hata hatua moja.

Kaburu alitoa kiko mdomoni. "Wewe nasema ngombe yako iko hapa?"

Kama angesema ndiyo, mtamba angekuwa wa Kaburu na Kipngetich angelala barabarani. Kama angesema hapana, angekuwa amewakana wanawake saba mbele ya mashahidi, na toka hapo hakungekuwa na mdomo wowote duniani wa kudai ng'ombe yule ila mdomo wa Kipngetich mwenyewe.

"Mimi sina ng'ombe, Bwana," alisema Kavetsa. "Sijawahi kuwa na ng'ombe. Nilikuja kununua maziwa, nikamwambia huyu ndugu kwamba yule mwekundu ni mzuri, natamani angekuwa wangu."

Kaburu alimtazama Murunga. Murunga alitazama buti zake. Kisha Kaburu akacheka, kicheko cha mtu aliyepotezewa wakati, akasema kwamba kelele zina bei: Kipngetich atatoa wawili, siyo mmoja, na hakuna mnyama atakayetoka boma lake kwenda kuuzwa mpaka mavuno yaishe.

Kipngetich aliingia katikati ya ng'ombe wake. Kavetsa alitaka kufumba macho, yakakataa. Mtu yule alimpita mtamba mwekundu, mkono wake ukamgusa mgongoni ili asogee, akaenda kwa ng'ombe mweusi mwenye kiwele kilichojaa, akamsukuma nje. Akasimama. Alichukua muda mrefu. Kisha akamtoa fahali mdogo wa kijivu, akampiga kofi la upole ubavuni, hakugeuka kumtazama akienda.

Watu walipotawanyika, Jepchirchir alimfuata Kavetsa mpaka penye daraja la magogo. Hakumkemea, na hilo lilikuwa gumu kulibeba.

"Yule mweusi alikuwa amekwisha kumchagua jana," alisema. "Kabla hujafika."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukufika nyumbani ukatuuliza watoto." Alivuta shuka yake. "Fahali alikuwa wa mahari ya mdogo wake Kipngetich. Sasa tutaona."

Kavetsa alivuka daraja. Alirudi mjini miguu ikimwuma, na ile hofu aliyokuja nayo alirudi nayo, ila sasa ilikuwa imebadili sura: ya asubuhi ilikuwa hofu ya kunyang'anywa, na hii ilikuwa hofu ya kudaiwa na mtu asiyedai.

Aliwaambia wote jioni hiyo nyuma ya ghala, bila kujitetea. Mtamba yupo, hai, na mimba yake. Lakini hawezi kuuzwa mpaka mavuno yaishe, kwa hiyo kibanda kimekwenda. Na yeye amemkana mbele ya watu. Na mtu amepoteza fahali kwa ajili ya mdomo wake.

Mmoja alianza kukililia kibanda. Mwingine akasema fahali ni hasara ya mwenyewe, kwani si ni mila yao wenyewe kufuga ng'ombe wa watu? Nani aliyewaita? Kavetsa alisema atalipa peke yake kwa uji, hata kama ni mpaka nywele ziwe nyeupe. Walibishana. Ilisemwa kwamba Kipngetich sasa anaweza kumla mtamba na kuwacheka, maana nani atamshtaki, na kwa karatasi gani. Hofu ilipita toka kwa mmoja hadi mwingine kama mafua.

Namalwa, ambaye kila mmoja alingoja amrarue Kavetsa, alikuwa ameketi kando. Alikuwa anamenya kiazi.

"Alikuwa na nafasi ya kumtoa wetu mara mbili," alisema mwishowe. "Mbele ya Kaburu, na sisi hatuko. Shitanda alikuwa na nafasi moja tu." Akatupa ganda. "Ndama wa kwanza ni wa Kipngetich. Wa pili ndio tutagombana."

"Na akizaa fahali?" mtu aliuliza.

"Si fahali ndiye anayedaiwa? Tena wewe, Mama Joseph, hutalipa peke yako. Ukilipa peke yako utasema ng'ombe ni wako."

Hakuna aliyecheka sana, lakini hakuna aliyepinga.

Mwezi ulikwisha. Vibanda vya mabati vilifunguliwa sokoni na watu wengine, na siku ya pili yake askari wa Baraza walifika stesheni na fimbo kuwaondoa waliouza chini. Kavetsa alikuwa amewaona tangu mbali. Alishika sufuria upande mmoja, Namalwa akashika upande wa pili, wakaibeba kati yao wakipita nyuma ya mabehewa kuelekea kwenye lango la kiwanda cha mbao, mahali ambapo hawakujua kama wataachwa siku moja au saa moja. Uji ulimwagika kidogo ukamchoma Kavetsa mguuni. Hakusimama. Aliwaza mvua ya Kesses, kama imenyesha, na kama nyasi zinatosha.