Heda za mzee kwenye mashine mpya

Jumanne, tarehe 11 Machi. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka vizuri, ikapiga mabati ya Kanyosha hadi saa nne, kisha jua likatoka kama vile halikuhusika.

Hivyo ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa wa siku ile. Daftari bado ninalo. Mimi si mtu wa kuandika sana, shule niliacha darasa la tisa. Lugha ya C nilifundishwa na mzee mmoja kwenye karakana ya kompyuta ninayofanyia kazi kule Jabe, na hadi leo nikisema "naandika programu" sauti inashuka yenyewe.

Mzee huyo ndiye aliyeandika, zamani, programu inayolinda friji ya chanjo kwenye dispensari ya mtaa wetu. Kipimajoto kimo ndani ya friji, kinatuma namba kwa waya wa mtandao hadi kompyuta ya mapokezi. Joto likipanda, kengele inalia. Basi kompyuta ile ikafa, mzee ameshastaafu, macho yamechoka, na kazi ya kuihamishia programu kwenye kompyuta mpya ikaniangukia mimi. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatano. Asipoikuta kengele, chanjo zingerudishwa mjini kati, na akina mama wa Kanyosha wangeanza tena kupanda basi na watoto mgongoni.

Ilikuwa siku ya tatu nimekaa pale mapokezi, na programu inakataa. Programu ya C inaanza kwa kuita faili ndogo zinazoitwa heda, ambazo zinaieleza mashine vitu gani vipo na vimeumbwa vipi. Kila nilipojaribu kuyageuza maandishi ya mzee kuwa programu, kompyuta ilimwaga makosa skrini nzima, na karibu yote yalikuwa lalamiko moja: kitu hiki umeshanieleza, mbona unanieleza tena, tena tofauti?

Asubuhi ile niliandika: "Mzee aliandika vibaya." Mstari huo sikuufuta.

Muuguzi, mama mmoja asiyecheka hata akitania, alipita na beseni lake akasimama nyuma yangu.

"Dada, mashine inasema nini leo?"

"Inasema mi ni mujinga."

"Hiyo ilisema jana. Leo ina nini mupya?"

Nikampigia mzee. Niliona haya, lakini kesho yake ilikuwa Jumatano. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja tu.

"Heda ulitoa wapi?"

"Kwenye diski ya ile mashine iliyokufa, mzee. Nilinakili zote."

Kwanza nilisikia kikohozi, halafu nikagundua ni kicheko.

"We mutoto. Ulizifungua kama taa za gari bovu, ukaenda kuzifunga kwa gari zima?"

Ndivyo nilivyofanya hasa. Kwenye karakana yetu hakuna mashine inayokufa yote. Tunatoa feni, tunatoa kadi za kumbukumbu, hata skrubu, tunafunga kwenye nyingine. Mkono wangu ulizichukua heda kwa mazoea hayohayo. Kumbe heda inaeleza mashine inamokaa, na ile mpya ilikuwa na zake tayari. Nikaifuta folda niliyoileta mwenyewe. Makosa ya skrini nzima yakabaki mistari mitatu.

Ile mitatu haikuwa kosa langu, wala la mzee. Maandishi yake yaliita heda ya kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani inayoiendesha kompyuta yenyewe. Maktaba mpya ya mtandao, yaani furushi la programu zilizoandikwa tayari, ambalo sikuweza kulikwepa, ilivuta heda yake nyingine. Zote mbili zinaeleza kitu kimoja, ifreq, kisanduku cha kutunzia jina na anwani ya mlango wa mtandao. Kila moja inakieleza kwa namna yake na kila moja iko sawa kwake. Ila ndani ya faili moja haziwezi kukaa.

Nilijaribu kubadilisha ipi itangulie. Haikusaidia. Nikainua macho, nikamwona muuguzi anapitisha karatasi kwenye kidirisha cha chumba cha dawa. Wa ndani haoni foleni, wa nje haoni makabati, na dawa zinatoka.

Nikaikata faili ya mzee vipande viwili. Kinachozungumza na kiini kikabaki na heda yake, kinachotumia maktaba mpya kikabaki na yake, na katikati nikaandika heda yangu ndogo ya mistari michache, ya kupitishia majina na namba tupu. Ifreq haipiti pale. Nikabonyeza. Kompyuta ikanyamaza, na ikinyamaza imekubali.

Muuguzi alitoa kipimajoto kwenye friji akakifumbata kiganjani. Tano. Sita. Nane, kikomo cha chanjo, ilipopita, kengele ikalia, akina mama wote kwenye benchi wakageuka.

"Zima basi," muuguzi akasema. "Imefika hadi Kiriri, kule juu mlimani." Safari hiyo alicheka.

Mkaguzi alipokuja Jumatano alikifumbata mwenyewe, ikalia tena, akatia sahihi. Chanjo zikabaki Kanyosha, na zipo mpaka leo.

Lakini kabla ya hapo, Jumanne ileile, nilimpigia mzee tena, nikamweleza nilivyoikata faili yake.

"Nani amekuonyesha kuikata?"

"Apana, hakuna mutu."

"Basi faili ni yetu sasa. Andika jina lako chini ya langu."

Nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena, nikaliacha. Kwenye daftari, chini ya ule mstari wa asubuhi, niliongeza: "Mzee hakukosea. Heda za zamani nilizileta mimi. Kuikata pia ni mimi."

Jioni nyumbani tulikula ugali wa muhogo, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa mawese, na mchicha wa lengalenga. Mama aliniongezea ndagala bila kuniuliza.