Suti ya Safari ya Fundi Keshokutwa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Fundi Keshokutwa, na jina hilo alijishonea mwenyewe. Ukimpelekea kitambaa, atakupima kwa makini mpaka shingo, atakusifu kwa kujua kuchagua rangi, kisha atakuahidi nguo keshokutwa. Keshokutwa ikifika, atakuahidi keshokutwa nyingine. Hakuwa mvivu, mikono yake haikupumzika. Ugonjwa wake ulikuwa mdomoni: hakujua kusema hapana. Kila aliyeingia aliambiwa ndiyo, na ndiyo zilipoizidi nguvu cherehani, zikawa mafurushi chini ya meza ya kukatia.

Siku za karibuni hata mwenyewe alikuwa akiishi humo chini ya meza. Akisikia sauti ya mteja, alijikunja kati ya mafurushi, huku mkewe, aliyeuza vifungo na nyuzi mlangoni, akisema fundi ametoka. Siku moja mwalimu wa chekechea, ambaye gauni lake lilikuwa na mikono lakini halina mwili, aliinama akazungumza na kiatu kilichobaki nje. Alikiomba kimfikishie fundi salamu.

Ndipo dada yake aliyehamia ng'ambo alipompigia simu. Kule kulikuwa na kiwanda kinachotafuta washonaji wa mifuko ya suruali. Mifuko tu, kutwa nzima. Atakayeivaa suruali humjui wala hakujui. Fundi alisikiliza kama anayesimuliwa habari za peponi: mshonaji asiye na mteja.

"Na matatizo yako ya hapa?" mkewe akamuuliza.

"Matatizo hayana pasipoti, mama watoto."

Wakakubaliana kwamba yeye atangulie, familia imfuate, na mtaa usinuse lolote mpaka awe ameshaondoka. Lakini akajishonea suti ya safari. Aliikata asubuhi, na kabla jua halijageuka ilikuwa imeshapigwa pasi. Akaivaa, akajitazama kiooni, mlango ukiwa wazi.

Mwalimu alikuwa akipita. Alitazama kola, akatazama pindo, akatazama vifungo: vyote vilikuwepo. Tangu amjue fundi yule, hakuwahi kuona nguo yake iliyokamilika vifungo.

"Fundi ameshona suti yake ikaisha. Anahama," akautangazia mtaa.

Wateja walijaa upesi, na safari hii hawakuja kuuliza. Walikuja kukaa. Kinyozi alibeba kabisa kiti chake cha kazini. Hakuna aliyegomba, walimtazama tu, na hilo lilimtisha kuliko matusi. Fundi akavua koti la suti, akavuta furushi la kwanza.

Wenyewe wakampokea kazi ndogondogo. Huyu alipachika vifungo, yule alikunja pindo, kinyozi akakata nyuzi kwa mkasi wake. Akatokea mama mmoja na kitambaa kipya mkononi. Fundi alikuwa ameshafumbua mdomo kumkaribisha, lakini waliokaa wakamwahi: hapana, mama, hapokei. Yule mama akaaga, akaenda zake. Fundi alimsindikiza kwa macho, akistaajabu. Neno lenyewe fupi, na aliyeambiwa hakuanguka.

Baada ya siku chache, chini ya meza palibaki sakafu. Alikuwa ameisahau rangi yake. Mwalimu aliondoka wa mwisho, akiwa ndani ya gauni lenye mikono na mwili.

"Safari njema, fundi. Likinibana, nitakufuata hukohuko."

Fundi alikuwa bado anacheka dada yake alipopiga. Sauti ilijaa furaha. Watu wa nyumbani waliokuwa kule, akasema, wamechoka na nguo za dukani zisizowakaa mwilini. Wamesikia fundi anakuja.

"Nimekupokelea vitambaa, mdogo wangu. Chumba utakamolala kimejaa mpaka dirishani. Nimewaahidi ukishuka tu, wanavaa."

Fundi akaitazama sakafu yake safi. Neno la kujibu alikuwa nalo. Wateja walimfundisha bure. Akavuta pumzi ya kulitamka.

"Sasa niwaambie unafika lini?"

"Keshokutwa, dada," akasema fundi.

Mkewe hakuinua macho kwenye vifungo vyake. Alinyoosha mkono, akaitoa suti kwenye msumari, akaikunja vizuri, akaisukuma chini ya meza.