Begi la Vidonge vya Homa

Homa ilipoenea Guangzhou, huku China, maduka ya dawa yalibaki na rafu tupu. Siku moja, kwenye ofisi ya mizigo pale mtaa wa Guangyuan Xilu, nilimkuta mama mmoja wa Mwanza ameketi juu ya robota lake la nguo akitetemeka kwa homa. Mbele yake alisimama mfanyabiashara mwenzetu, Mtanzania, aliyewahi kununua vidonge vya homa begi zima kabla havijaadimika.

Alichukua mkasi, akakata kidonge kimoja kutoka kwenye pakiti yake, akataja bei ya jozi mbili za viatu.

"Mwanangu, jana si ulimuuzia mwenzangu kwa nusu ya hapo?"

"Jana ilikuwa jana, mama yangu. Kila duka utaambiwa meiyou, hamna."

"Basi nipe vinne, nitakulipa nikipona."

"Sikopeshi." Akafunga zipu.

Mama alimudu hicho kimoja. Wiki iliyofuata tulichangishana kusafirisha mwili wake. Kwa maiti hatunaga choyo: yule bwana alitoa kuliko sisi sote, mchungaji aliyetuombea akaomba tumpigie makofi. Tulipiga, tena kwa nguvu. Wengi wetu bado tulikuwa na homa, na begi bado alikuwa nalo.