Daktari aliyejua jina ambalo mtoto wangu alikuwa akilingoja

Wakuu, nawasalimu kutoka Rhonda, Nakuru. Hii nimeikalia muda kwa sababu najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, lakini sijaongeza chumvi. Naeleza nilichoona kwa macho yangu.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Gogo, alishuka kutoka Olenguruone kukaa nasi. Alikuwa na sukari, na mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Mimi ndiye nilikuwa nampeleka hospitali kuoshwa.

Aliyemuosha ni daktari kijana, mtu wa Lanet. Tumwite Mwangi. Mpole sana, ila maneno yake alikuwa anayapima.

"Wewe kila wiki unashika mguu wangu na hujui hata naitwa nani," Gogo akamwambia.

"Nakujua, mathe. Faili yako iko hapa."

"Kwani ni faili inauma?"

Tukacheka, hata yeye.

Hapa nieleze kidogo, maana wengi huwa tunawalaumu madaktari bure. Mwangi alifunzwa asizoeane na mgonjwa, ndio mkono usitetemeke akishika kisu. Kwa Gogo naye, mtu akishagusa damu yako si mgeni tena. Akijifanya mgeni ni kama amekukana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Gogo alikuwa anambebea mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao, kwa kibuyu kilichofukizwa moshi. Mwangi anakataa kwa heshima. Wiki ijayo, anabebewa tena.

Siku moja nilitumwa nikanunue bandeji. Kurudi, nikapata Gogo ameinama, mdomo uko sikioni mwa daktari. Mwangi ameganda, pamba mkononi.

"Ni mambo yetu wawili," Gogo akaniambia.

Alifariki kabla ya mvua kuisha. Mwangi alisema "poleni" akaondoka haraka. Nilimwona mtu baridi sana.

Baadaye nikapanda Olenguruone kwa kina mume wangu, nikajifungua msichana.

Mimi nimeolewa tu huko Olenguruone, kwa hivyo nitaeleza vile nilielezwa. Mtoto akizaliwa, wamama wanamzunguka na kutaja majina ya waliokufa, moja baada ya lingine. Akipiga chafya, jina hilo ndilo lake. Aliyeondoka amerudi.

Wakataja. Wakataja jina la Gogo la kanisa, na lile la nyumbani. Wakafika kwa watu ambao hata mzee wa boma hakuwakumbuka.

Mtoto kimya. Alikuwa anatazama mlango, nyuma yetu, kama mtu anayengoja mwenzake aingie.

Kesho yake akaacha kunyonya.

Senge, yaani shangazi ya mume wangu, akasema, "Huyu amefika. Ni nyinyi hamjui kumuita."

Tulishuka Nakuru mbio. Na kwenye wodi ya watoto, daktari aliyehamishiwa huko alikuwa nani? Mwangi.

Mtoto aliacha kutazama mlango. Akamtazama yeye.

Mwangi alifanya kazi yake yote. Akapima, akaweka dripu, akasafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi. Bado mtoto hakunyonya. Alikuwa anaisha mikononi mwangu nikimuona.

Senge akamsimamia daktari mbele. "Kijana, ni wewe uliosha mguu wa wifi yangu. Alikuambia nini?"

"Mama, siri ya mgonjwa huwa hatutoi."

"Mimi sitaki kuisikia. Mwambie mtoto."

Mwangi akaweka faili chini. Kisha akainama, akanong'oneza kwa kile kisikio kidogo.

Mtoto akapiga chafya.

Wodi nzima ikanuka moshi wa kibuyu, na hakuna aliyekuwa amebeba kibuyu. Mtoto akageuza kichwa, akatafuta ziwa, akanyonya.

Mwangi aliketi sakafuni. "Aliniambia jina alilopewa akiwa mchanga. Waliolijua wote walishakufa. Akasema nisimpe mtu mpaka siku atakapolijia mwenyewe."

Wenye sayansi mtasema chafya ililetwa na yale matone ya pua, na dripu ilikuwa imeshika. Inawezekana, sibishani. Sukari ya mtoto kweli ilikuwa chini, na mtoto akikataa kunyonya msingoje majina, kimbieni hospitali kwanza.

Nilichojifunza ni kwamba yule niliyemuita baridi alikuwa amembeba Gogo muda huo wote. Kuna ukaribu usioonekana kwa uso. Ukimpata daktari asiyecheka na wewe, usimhukumu haraka.

Siku hizi Mwangi hututembelea, na mursik anakunywa. Binti yangu ameanza kutembea. Hakuna aliyemfundisha, na kwa mgeni mwingine hafanyi hivyo, lakini Mwangi akiketi tu, anamwendea, anakaa chini, anamnyooshea mguu.

Ule wa kushoto.

Kwenu mnaelezaje jambo kama hili? Na nyinyi madaktari mlio humu, kuna mgonjwa aliyewahi kuwaachia kitu mkakibeba? Niambieni, nasoma kila jibu.